Yupo darasani, akili haipo: pa kuanzia na kijana asiyetulia na kitabu

Malalamiko huwa na sura moja. Mtoto alikuwa vizuri mpaka darasa la saba, akafaulu, kidato cha kwanza akapita bila shida. Kufika kidato cha pili ripoti zinaanza kurudi na maneno yaleyale: "anasinzia darasani", "hamalizi kazi", "ana uwezo lakini hajitumi". Nyumbani anasoma ukurasa mmoja nusu saa, ukimuuliza kilichoandikwa anakutazama tu. Unamtuma chumvi na kiberiti, anarudi na chumvi na chenji. Bibi anasema ni umri. Jirani anasema ana mkono wa mtu. Na siku hizi kuna wa tatu, aliyeangalia video mbili tatu mtandaoni, anasema huyu ana ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuzingatia.

Huenda. Lakini kabla ya yote hayo lipo swali lisilohitaji daktari wala shehe: jana alipata usingizi saa ngapi, na leo ameamka saa ngapi? Angalia, hatuulizi alipanda kitandani saa ngapi. Kitandani mtu anaweza kukaa saa mbili na simu.

Hesabu inaanzia asubuhi

Chukua mwanafunzi wa kutwa anayetoka Gongo la Mboto au Mbagala kwenda shule ya katikati ya Dar es Salaam. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima na konda analijua hilo, kwa hiyo kituo kikishajaa abiria wa kazini, mwenye sare ndiye wa mwisho kuingia. Wajanja wanawahi. Kuwahi maana yake kuwa kituoni saa 11:15 alfajiri, na kuwa kituoni saa hiyo maana yake kuamka saa 10:30.

Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016: mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa usiku mmoja. Tuchukue 8 tu, kile kiwango cha chini kabisa. Ukirudi nyuma kutoka saa 10:30 alfajiri, anatakiwa awe amelala saa 2:30 usiku. Nyumba nyingi saa hiyo ugali haujasongwa. Kwa hiyo kijana wetu analala saa 5, anaambulia saa tano na nusu za usingizi, na hivyo ndivyo juma zima.

Upungufu wa namna hiyo unafanya nini? Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2003, watu wazima wenye afya waliachwa walale kwa muda wa saa 6 tu kila usiku kwa wiki mbili. Mwisho wake umakini wao ulikuwa umeshuka hadi kufanana na wa mtu aliyekesha usiku mmoja mzima. Kibaya zaidi, wenyewe walipoulizwa walijiona wana usingizi kidogo tu. Ndiyo maana kumuuliza kijana "umechoka?" hakuna faida. Atakwambia hapana, na hadanganyi. Kipimo chake cha uchovu nacho kimechoka.

Halafu kuna saa ya mwili. Mtoto akibalehe, homoni inayoleta usingizi huanza kumwagika usiku zaidi kuliko alipokuwa na miaka tisa, kwa saa moja hata mbili. Aliyekuwa anadondoka kwenye mkeka saa 2 usiku sasa ana macho makavu saa 4. Si kiburi, ingawa kiburi nacho kipo katika umri huo. Ni kwa sababu hiyo chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri mwaka 2014 kwamba shule za sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Kenya nayo, kwenye kanuni zake za elimu ya msingi za mwaka 2015, iliandika kwamba masomo yaanze saa 2 asubuhi na kwamba wa bweni walale kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 12 asubuhi. Saa nane na nusu, kwenye karatasi. Kengele ya prepo ya alfajiri haijasoma kanuni hiyo.

Shule huwezi kuihamisha, daladala huwezi kuziongeza. Unachoweza ni kukata dakika huku na kule. Upande wa asubuhi: sare zote tano zinapigwa pasi Jumapili, si moja moja alfajiri umeme ukikubali. Begi linafungwa usiku na kuwekwa mlangoni, viatu vimeshapigwa kiwi, vitafunwa viko kwenye hotipoti, chai iko kwenye chupa. Kuoga kwenyewe ni usiku, na kwa wale ambao nyumbani kwao hutoki bila kujimwagia maji, basi ndoo ijazwe jana yake. Aliyekuwa anatumia dakika 45 kutoka kitandani hadi mlangoni atatumia 20. Hizo 25 ni za usingizi. Asije mtu akazipangia deki.

Upande wa usiku ndiko kwenye mgogoro. Twisheni ya saa 12 hadi saa 2 usiku kwa mtoto anayepata saa tano na nusu tu za usingizi ni kutwanga maji kwenye kinu, na wazazi wengi hawapendi kusikia hivyo kwa sababu ni kitu kinacholipiwa. Ihamishieni Jumamosi asubuhi, au iwe mara mbili kwa wiki. Chakula kiive saa 1:30. Halafu muda wa kulala usogezwe taratibu: dakika 15 kila baada ya siku tatu. Ukimwamuru kijana wa saa 5 alale saa 3:30 kuanzia leo, atajigeuza kitandani saa moja na nusu akitazama dari, kesho atakataa, na atakuwa na haki. Kwa hatua za dakika 15 mnafika baada ya siku 18.

Mkifanikiwa, analala saa 3:30 na kuamka saa 10:55: saa 7 na dakika 25. Ongeza kausingizi ka jioni, dakika 20 hadi 25, akitoka tu shule na kabla ya saa 10:30 jioni, kengele imetegwa. Kausingizi hako ni cha kujiegesha kwenye kochi, si cha kuvua sare na kufunga mlango. Akipitiliza dakika 45 anaamka mzito, kichwa kinauma, na usiku usingizi hauji. Jumla tumekaribia 8. Haijafika, lakini ni zaidi ya saa mbili juu ya alichokuwa nacho, na tofauti hiyo mwalimu wa hesabu ataiona kabla yako.

Wikiendi ndiyo inayobomoa. Kijana anayeamka saa 10:55 Ijumaa halafu saa 5 asubuhi Jumamosi na Jumapili, mwili wake umehamia nchi nyingine kwa siku mbili, na Jumapili usiku unaambiwa urudi kwa miguu. Hatalala kabla ya saa 6. Jumatatu ni hasara, Jumanne nusu hasara. Mwacheni aongeze saa moja, moja na nusu, halafu aamke atoke nje. Mwanga wa jua wa asubuhi ndio unaorudisha saa ya mwili nyuma. Siku za shule anapoamka bado ni giza, kwa hiyo mapumziko ya saa 4 ayatumie uwanjani, asilale juu ya dawati.

Anayelala sebuleni

Ushauri mwingi wa usingizi unaandikwa na watu ambao watoto wao wana vyumba. "Chumba kiwe giza na kimya." Katika nyumba ya chumba na sebule, kijana analala sebuleni, na sebule inafungwa baba akimaliza taarifa ya habari na tamthilia ikimalizika baada ya hapo. Katika nyumba hiyo mtoto hana saa ya kulala. Saa ya kuzima televisheni ndiyo saa yake ya kulala. Ukitaka kujua nyumba ina nia kiasi gani na masomo ya mtoto, angalia hapo.

Kuna njia za kati. Mnaweza kubadilishana: watu wazima wakae na televisheni chumbani, au kijana alale chumbani na wadogo zake, sebule ibaki ya wakubwa. Taa kubwa ya dari izimwe saa 2:30, ibaki ndogo ya pembeni. Feni inasaidia mara mbili, kwa joto na kwa kufunika sauti. Neti itoboke au isitoboke ni suala la umakini pia: mtu aliyesumbuliwa na mbu usiku kucha hakulala, na mwenye malaria hatasoma wiki nzima.

Usiku wa Ligi ya Mabingwa Ulaya tuuseme waziwazi. Mechi kubwa kwa saa zetu zinaanza saa 4 au saa 5 usiku. Ya saa 5 inaisha karibu na saa 7, bado mjadala. Kumkataza kabisa kijana anayependa mpira ni vita ya kila Jumanne na Jumatano. Kubaliana naye mapema mechi ngapi kwa msimu, zipi, na kwamba siku inayofuata kausingizi ka jioni ni lazima. Nyingine anaangalia marudio ya magoli asubuhi, dakika tano.

Na bando la usiku. Vifurushi vya intaneti vya bei nafuu vinavyoanza saa 6 usiku na kuisha saa 12 asubuhi vimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeweza kulala mchana. Mwanafunzi asiye na hela hununua hicho kwa sababu ndicho anachokimudu, halafu anasubiri saa 6 ifike. Mzazi anayedhani ameokoa kwa kutompa hela ya bando la mchana amemnunulia mwanawe mkesha. Ni afadhali kumpa kifurushi kidogo cha mchana chenye kikomo.

Simu: inapolala ni muhimu kuliko inavyotumika

Simu inalaumiwa kwa mambo mengi, mengine ya kweli. Katika eneo la Los Angeles watafiti waliwafuatilia wanafunzi 2,587 wa miaka 15 na 16 wa shule 10, ambao mwanzoni hawakuwa na dalili za ADHD, kwa miaka miwili, matokeo yakatoka mwaka 2018. Kati ya wale ambao hawakuwa na matumizi ya mara kwa mara ya chochote cha kidijitali, dalili zilijitokeza kwa asilimia 4.6. Kwa waliotumia aina zote 14 zilizoulizwa mara nyingi kwa siku, ilikuwa asilimia 10.5. Zaidi ya mara mbili. Lakini isome taratibu: karibu asilimia 90 ya watumiaji wakubwa kabisa hawakupata dalili, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kukwambia kama simu ndiyo iliyomvuruga kijana au kijana aliyekwishavurugika ndiye anayeikimbilia simu.

Mwanga wa simu nao umetiwa chumvi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, ambapo watu walisoma kwenye skrini angavu kwa muda wa saa nne kabla ya kulala, lilionyesha kuwa walichelewa kupata usingizi kwa takribani dakika 10 tu. Kuweka skrini ya rangi ya chungwa na kuendelea kutelezesha video hakusaidii kitu. Kinachoiba usingizi ni kile kilichomo: video ambayo haina mwisho, na kundi la marafiki ambalo ukilala saa 4 kesho unakuta meseji 200 na utani usioujua chanzo chake. Kwa kijana wa miaka 15 kupitwa na utani huo si jambo dogo. Ukilidharau utapoteza mazungumzo yote.

Kwa hiyo kanuni moja tu, na ishikwe kwelikweli: saa 3 usiku simu zote za nyumba zinakwenda kuchajiwa mahali pamoja, nje ya chumba anacholala. Zote. Ya mama na ya baba zikiwemo, hata kama yako unaifuata tena akishalala. Kengele ya kuamshia iwe kitochi au saa ya mezani, kwa sababu "naiweka kwa ajili ya alamu" ndiyo tundu ambalo simu zote hupitia kurudi kitandani.

Hapa kuna mambo manne ambayo hukwamisha. La kwanza, kazi za shule zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mtoto anasema kweli kwamba anaihitaji simu. Dawa yake ni saa: kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni anapakua picha za notisi na maswali, anayanakili daftarini, simu inarudi. Kunakili kwa mkono si adhabu, ndiko kusoma kwa kwanza. La pili, simu ya pili ambayo huijui, ya kuazima kwa rafiki. Hiyo huota mahali ambapo kanuni iliwekwa kwa kunyang'anya badala ya kukubaliana. La tatu, simu inatumika kama fimbo: amevunja kikombe, ananyimwa simu wiki nzima. Baada ya hapo kila mazungumzo ya simu ni ya adhabu, na usingizi haumo tena. La nne ni mzazi mwenyewe anayejibu meseji za kikoba mezani.

Arifa zizimwe zote isipokuwa simu za kupigiwa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya arifa, uzime programu moja moja, ukianza na za video. Kazi ya dakika kumi, mara moja, mkikaa pamoja.

Dakika 25 mezani

Kijana aliyepoteza mazoea ya kutulia haanzi na saa mbili. Anaanza na dakika 25. Meza haina kitu ila daftari, kitabu kimoja, kalamu, chupa ya maji na kikaratasi tupu. Simu iko chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani haitoshi, kwa sababu sehemu ya akili inabaki inailinda.

Dakika mbili za mwanzo anaandika atakachomaliza, na kiwe kitu kinachohesabika. "Kusoma Biolojia" hakihesabiki. "Maswali manne ya usafirishaji wa damu kutoka pastpepa" kinahesabika. Halafu anaanza na swali, si na kusoma sura. Akikwama ndipo anafungua kitabu kutafuta jibu, na hapo macho yana sababu ya kupita kwenye mistari. Kila wazo linalokatiza, kama kumrudishia Asha daftari au goli la jana, linaandikwa kwenye kile kikaratasi kwa maneno mawili na linaachwa hapo. Siku za kwanza kikaratasi kinajaa, hata mawazo 15 kwa dakika 25. Usishtuke wala usikisome, ni chake.

Dakika tano za mwisho kitabu kinafungwa, anaandika kwa kumbukumbu alichokipata. Hii ndiyo sehemu inayochukiwa na ndiyo inayofundisha. Kisha mapumziko ya dakika tano, ya kusimama: kuchota maji, kuanua nguo, kumchokoza mdogo wake. Mapumziko ya simu si mapumziko, kwa sababu video ya mwisho aliyoiona anarudi nayo mezani. Vipindi vitatu vya namna hii ni saa moja na nusu, na kwa siku ya shule vinatosha.

Muziki? Wenye maneno anayoyaelewa, hapana, wakati wa kusoma maandishi. Bongo Fleva na aya ya Historia vinagombea mlango mmoja. Kwenye hesabu za mazoezi alizokwisha kuzizoea haina shida.

Na ile desturi ya kuloweka miguu kwenye beseni la maji baridi ili usisinzie ukikesha kabla ya mtihani: inamfanya mtu awe macho. Haimfanyi akumbuke. Kilichosomwa mchana hupangwa kichwani usiku ukiwa umelala, kwa hiyo anayekesha anafuta alichokuwa anakiandika.

Kikombe, sahani na chupa ya nguvu

Aliyetoka nyumbani saa 11 alfajiri bila kula anafika mapumziko ya saa 4 akiwa hajatia kitu tumboni tangu jana saa 2 usiku, saa 14. Chai ya sukari na andazi moja si tusi, ila ni wanga, sukari na mafuta, na saa mbili baadaye njaa imerudi. Anachohitaji ni kitu kinachokaa. Uji wa dona au wa mtama, kikombe kikubwa, wenye vijiko viwili vya chakula vya karanga zilizosagwa. Viazi vitamu viwili vya kuchemsha na yai. Kiporo cha maharage na wali, ambacho watu wanakionea aibu, ni kifungua kinywa bora kuliko mkate mweupe, ila kwa nyumba yenye friji na kikapashwa mpaka kichemke. Wali uliolala nje kwa joto la Dar unaweza kumharibu tumbo akakosa shule kabisa. Kama anakataa kula alfajiri, na wengi tumbo linakuwa halijaamka, afungashiwe ale akifika.

Chai yenyewe ina kasoro moja isiyosemwa sana. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na dona. Ikinywewa saa moja baada ya kula, madhara yanapungua. Kipande cha chungwa au embe pamoja na chakula kinafanya kinyume chake, kinasaidia chuma kuingia. Kwa wasichana waliovunja ungo hili si jambo la pembeni. Damu ikipungua, dalili ya kwanza inayoonekana nyumbani ni "mvivu", "hasikii". Kipimo cha wingi wa damu kinafanyika hata kituo cha afya, kwa tone la kidole. Kwa msichana wa miaka 15 na zaidi, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge vya chuma na foliki mara moja kwa wiki kwa wasichana katika maeneo yenye tatizo hilo kwa wingi. Uliza kituo cha afya, usinunue tu dukani.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vimekuwa chai ya wanafunzi. Soma kibandiko: nyingi zina takribani miligramu 30 za kafeini kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 400 ni kama 120. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaweka kikomo cha miligramu 3 kwa kilo ya uzito kwa siku, yaani 150 kwa kijana wa kilo 50. Chupa moja bado yumo, ya pili ametoka. Lakini shida kubwa ni saa anayokunywa. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Aliyekunywa saa 11 jioni ili asome, saa 4 usiku bado ana miligramu 60, na usingizi alioukosa kesho atauziba kwa chupa nyingine. Mwisho uwe saa 8 mchana, na lililo bora ni kuacha.

Maji nayo. Darasa la mabati saa 7 mchana linatoa jasho, na mwili ukipungukiwa asilimia mbili tu ya uzito wake kwa kukosa maji, umakini huanza kushuka. Wasichana wengi hawanywi maji shuleni kwa makusudi, kwa sababu choo hakiingiliki. Hapo chupa ya maji begini haitatui kitu. Ni suala la kupeleka kwenye kikao cha wazazi.

Mazoezi tutapita haraka kwa kuwa hayana mjadala: Shirika la Afya Duniani linasema dakika 60 kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Kutembea kituoni na kurudi kunahesabika kama ni kwa mwendo wa haraka. Dakika 20 za mpira, rede au kamba kabla ya kukaa mezani hutuliza kuliko kelele za mzazi. Kumnyima mpira ili asome ni kuondoa kitu kilichokuwa kinamsaidia.

Daftari la kila siku, na wakati wa kutafuta daktari

Msibadilishe yote kwa pamoja. Mtachoka, na hata mkifaulu hamtajua kipi kilisaidia. Daftari la kurasa 40, mistari sita kwa siku, analijaza mwenyewe. Siku moja inaonekana hivi:

*Jumanne. Nimelala 4:10. Nimeamka 10:50. Simu imetoka 3:20. Nimekula uji na yai. Kusinzia darasani: mara 2 (kipindi cha 5 na cha 8). Vipindi vya dakika 25: viwili.*

Wiki ya kwanza hakuna kinachobadilishwa, ni kuandika tu. Ya pili mnaanza na simu na saa ya kulala. Chakula na mengine yanafuata wiki ya tatu. Anayesinzia kipindi cha 8 peke yake, saa ya joto na njaa, ana tatizo tofauti na anayesinzia kipindi cha kwanza. Bila daftari hutaiona tofauti hiyo.

Kama baada ya wiki sita analala vizuri, anakula, simu iko nje, na bado akili inahama, basi kuna kingine. Anzeni na macho: mwacheni asome kalenda ya ukutani kutoka upande wa pili wa chumba, jicho moja moja. Mtoto asiyeona ubao haandiki, na asiyeandika huitwa asiyesikiliza. Ulizeni kama anakoroma kila usiku. Mtazameni anapoduwaa: anayeota mchana ukimgusa bega anashtuka, lakini anayekatika kwa sekunde 5 hadi 20, macho yamekodoa, hasikii hata ukimgusa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa kisicho na degedege, na kinatibika. Huzuni iliyopita wiki mbili, msiba, kuonewa shuleni, bhangi: kila kimoja huonekana mwanzoni kama kutotulia tu.

ADHD yenyewe ina masharti. Dalili ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane sehemu mbili au zaidi, mfano nyumbani na shuleni, zimedumu miezi sita, na kwa aliye chini ya miaka 17 ziwe angalau sita kati ya tisa za kundi la kutotulia akili au sita kati ya tisa za kundi la utukutu. Aliyekuwa makini mpaka miaka 13 kisha akabadilika ghafla hatoshei hapo. Lakini yupo pia yule ambaye tangu darasa la pili alikuwa anapoteza kalamu kila siku, anaacha kazi katikati, na akawa anafaulu kwa sababu tu ana kichwa chepesi na masomo yalikuwa mepesi. Huyo sekondari ndiyo inamfichua, na kumwambia alale mapema peke yake ni kumdhulumu. Hospitali ya Taifa Muhimbili na baadhi ya hospitali za rufaa zina madaktari wa afya ya akili. Nairobi kuna Kenyatta na Mathari. Dawa zipo, na zinaandikwa na daktari baada ya uchunguzi, si kwa kuazima kidonge cha mtoto wa jirani.

Siku ya kwenda, beba lile daftari, kipimo cha damu na cha macho kama mmeshafanya. Na fungua kabati utafute ripoti za darasa la pili, la tatu na la nne. Daktari atataka kujua alikuwaje kabla ya miaka 12, na maoni ya mwalimu wa darasa la tatu, hata yakiwa mstari mmoja wa wino uliofifia, yana uzito kuliko kumbukumbu ya mzazi.